Muhogo Niliotupa Abuku

Shikamoo Mama,

Najua umeninunia. Chuo kimefungwa, nami badala ya kuja Tanga nimemfuata rafiki yangu Zainabu kwao Abuku, huku Koboko, nchi ya jirani. Ngoja nikuchekeshe.

Jana nilikuta rundo la muhogo nyuma ya jiko, limefunikwa majani, limeota ukungu mweusi. Mwanao msomi wa kilimo nikalibeba lote nikalitupa shimoni! Mama yake Zainabu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe huku muhogo huvundikwa makusudi, ukungu ukakwanguliwa, ndipo uanikwe na kusagwa.

“Wewe nasoma muhogo,” akaniambia, “lakini muhogo yangu hapana soma kitabu yako.”

Tukauokota, tukaketi kuukwangua. Vidole vyangu bado vyeusi. Akauliza, “Mama yako iko na binti ngapi?” Nikamjibu mmoja, mimi tu. Akakwangua vipande viwili vitatu.

“Likizo ingine wewe kwenda kwake,” akasema. “Mimi natuma unga.”

Basi nitakuja nao, Mama. Ukisikia harufu yake kali, usiutupe. Mtupaji nyumbani ni mmoja, naye anakupenda.

Rehema wako