Poda Niliyorudi Nayo Nyumbani

Nuu, Jumamosi tarehe 13 Septemba

Kwako Munyao,

Leo hakuna upepo. Jua limekaa juu ya mabati tangu saa tatu, na mbuzi wamelala kwenye kivuli cha ukuta bila hata kulia. Nimeamka na ule uzito wa Jumamosi. Siku nyingine nimeanza kuzizoea.

Jumamosi bado.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: Munyao alikuwa mume wangu. Alikuwa kinyozi hapa sokoni, kiti kimoja na kioo kimoja, na alifariki mwezi wa tatu. Binti yetu Mumbua, aliye chuoni, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Alisema niandike badala ya kulia jikoni. Kuna siku nafanya yote mawili.

Nilikujua kwa poda, Munyao. Sikuwahi kukuambia. Nilikuwa msichana wa Mukuyuni nikimsaidia mama kuuza nyanya siku za soko, na mbele ya meza yetu kulikuwa na duka la kinyozi ambako ulikuwa ukijifunza kazi. Wanaume waliingia na vumbi, wakatoka na shingo nyeupe. Wale walionyolewa na mwenye duka walikuwa na poda kwenye kola, kwenye masikio, hadi kwenye kofia. Wako walitoka na mstari mmoja mwembamba kwenye kisogo, basi. Nikasema moyoni, huyu ana mkono mtulivu.

Baadaye ulinieleza kazi yake. Wembe huacha ngozi wazi, spiriti huichoma, poda huituliza. Hukausha jasho na kuondoa vile vinywele vidogo ambavyo vingemwasha mtu mpaka jioni. Lakini ingoje spiriti ikauke, ulisema, la sivyo utampikia mtu uji shingoni.

Kila Jumamosi saa kumi ulifunga duka ukaja na mkoba wako kumnyoa baba yako, awe tayari kwa kanisa kesho yake. Nilikuwa nawatazama kutoka mlango wa jikoni. Hamkuongea sana. Mwishowe ulikuwa ukigonga brashi kwenye kiganja, unaipuliza kidogo, unaipitisha toka sikio moja hadi la pili, kisha unamrudishia kola yake mahali pake. Na Baba alikuwa akisema, "Sasa nimevaa." Hata kama shati lilikuwa bado wazi kifuani.

Tangu mwezi wa tatu hajanyolewa.

Ndugu yako Mulwa alikuja kutoka Kiboko anakofanya kazi, akataka kumpeleka kwa kinyozi mwingine. Baba akasema magoti yanauma. Ndevu zikaota mpaka zikafunika kidevu, zikawa na rangi ya majani makavu. Kisha akaacha kwenda kanisani, yeye ambaye kiti chake cha mbele hakuna mtu aliyethubutu kukikalia. Akasema tena ni magoti. Lakini magoti hayohayo yanampeleka kwa mbuzi kila asubuhi.

Mama yako aliniambia ukweli wiki mbili zilizopita, tukikoka moto. Alisema mzee hataki watu waketi nyuma yake waone shingo ya mtu asiye na mwana wa kumnyoa. Na sahani yake ya jioni imeanza kurudi nusu.

Nimeogopa, Munyao. Mwaka huu nimeshazika mmoja.

Utauliza kwa nini sikumnyoa mimi, na vifaa vyako vyote viko chini ya kitanda changu. Unajua kwa nini. Lakini wasomaji wengine si Wakamba, kwa hivyo nieleze. Kwetu kuna heshima kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Tunaiita nthoni. Sikai kwenye kiti chake. Sili mbele yake. Nikimsalimu ninainama na kutazama chini, naye hutazama upande. Kumgusa kichwa ni jambo ambalo hata kuliwaza niliona haya. Miaka ishirini nimeishi kwenye boma hili, na sura ya baba mkwe wangu naijua kwa mbali tu, kama mtu anavyoujua mlima wa Nuu.

Kuna jambo lingine, na hili sijawahi kuliandika hapa.

Siku ya kukuchukua mochari nilibeba poda. Niliitoa kwenye mkoba wako, ule mkebe wa waridi uliochubuka, nikaifunga kwa leso pamoja na brashi, nikaitia ndani ya kibeti. Nilikuwa nimeamua. Yule mhudumu alikuwa amekunyoa vizuri, sina neno naye. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekuvisha suti. Nilipoitwa nikuone, nikakuona shingo. Ilikuwa inang'aa mafuta. Kola ilikuwa imebana, na pale ulipokuwa ukiwapaka wengine, wewe hukuwa na kitu.

Mkono wangu ulikuwa ndani ya kibeti. Niliushika mkebe. Lakini mchungaji alikuwa ameanza kuomba, watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, na nikawaza watasema nini: mwanamke anampaka maiti poda. Nikaona haya. Nikasema amina pamoja na wengine, nikasogea.

Poda nikarudi nayo nyumbani.

Uliwamaliza kwa poda watu wa soko zima, wewe nikakuacha bila kumalizwa. Nimelala na jambo hilo miezi sita.

Sasa nikuambie ya leo.

Nilikuwa nimekaa nje napepeta ndengu. Nikasikia kikohozi kando ya ghala. Ni kile kikohozi cha Baba cha kutangaza kwamba anapita, ili niinuke au nijifunike. Lakini hakupita. Alisimama. Akauliza, macho yake yakiwa kwa mbuzi, kama vifaa vya Munyao bado vipo.

Nikasema vipo.

Nilivileta juu ya kigoda, nikaviweka katikati ya uwanja, nikarudi kwenye ndengu zangu na kumpa mgongo. Yeye akavuta kiti chake akaketi. Mama akatoka kumshikia kioo. Unajua macho ya Mama, yana ukungu yote mawili, na mikono yake inatetemeka.

"Inua kidogo," Baba akasema. "Mama Munyao, hicho kioo unajitazama wewe."

"Basi niambie kama bado ni mzuri."

"Geuza."

"Ungetaka nikunyoe, ningekunyoa. Lakini ungeenda kanisani na sikio moja."

Niliuma mdomo nisicheke. Nilikuwa sijasikia wakitaniana tangu tukuzike.

Alijinyoa mwenyewe polepole, nikisikia wembe ukikwaruza na kusimama, ukikwaruza na kusimama. Kidevu kiliisha. Mashavu yakaisha. Kisha kimya kikawa kirefu, nikajua amefika shingoni. Alipapasa kwa nyuma mara moja, mara mbili, akapata alichopata. Akaomba spiriti. Akavuta pumzi kwa meno.

"Na poda," akasema.

Mama hakungoja ikauke. Nilisikia mkebe ukitikiswa kwa nguvu. Nilipogeuka, poda ilikuwa begani, mapajani, hadi kwenye pua, na shingoni ilikuwa imelowa na kushikana kwenye mikunjo. Uji, Munyao. Ulivyosema.

Baba alikaa hivyo bila kujipangusa. Aliweka mikono juu ya magoti. Nikaona mabega yake yameshuka, nikajua hata kesho haendi kanisani, wala Jumapili ile nyingine. Nikajua anakaribia kuacha kitu kikubwa kuliko kanisa.

Kisha akasema, bila kugeuka, "Mwiitu wakwa, njoo umalizie."

Binti yangu. Hajawahi kuniita hivyo. Huniita mama Mumbua, na mara nyingi haniiti.

Sikutoka mahali pangu. Ungo ulikuwa mapajani na sikujua niuweke wapi. Mama akageuza uso kule nilikokuwa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aliyepaswa kuilinda nthoni ya nyumba hii ni mimi. Na mimi sioni kitu. Nenda."

Nikaenda.

Nilichukua kitambaa chenye maji nikaifuta ile poda iliyolowa. Nikachukua wembe nikasawazisha pale nyuma alipokosa. Ngozi yake ni nyembamba, na kuna kovu dogo chini ya sikio la kushoto ambalo wewe bila shaka ulilijua, kwa sababu nilikumbuka mkono wako ulikuwa ukipunguza mwendo mahali hapo. Nikapaka spiriti. Nikangoja. Ndipo nikachukua brashi, nikaigonga kwenye kiganja.

Harufu ilitoka, Munyao. Harufu ya duka lako, ya shati lako, ya mto wetu wa kulalia. Ilibidi nisimame kidogo.

Kisha nikaipuliza, nikaipitisha toka sikio moja hadi la pili, nikamrudishia kola.

Nilingoja aseme neno lake. Hakulisema. Aliuliza, "Yeye ulimpaka?"

Nilielewa mara moja. Ningeweza kusema ndiyo. Mama haoni, na wengine wote walikuwa wamefumba macho wakiomba.

"Hapana, Baba. Nilikuwa nayo kwenye kibeti. Niliona haya."

Mbuzi mmoja aliinuka akajikung'uta, akalala tena. "Niliona shingo yake," Baba akasema. "Nilitaka kuuliza kama kuna mtu ana poda. Na mimi niliona haya."

Basi tulikuwa wawili. Miezi sita kwenye boma moja, hatua thelathini kutoka mlango hadi mlango, kila mmoja na yake.

Aliinuka kwa kushika kigoda. Akafunga kifungo cha juu. "Siku yangu ikifika," akasema, na mara hii akanitazama, "wakiwepo watu, asiwepo mtu, mchungaji akiomba, asiombe. Unikumbuke na poda."

Nikasema nitakukumbuka, Baba.

"Sasa nimevaa," akasema, akaenda kuangalia mbuzi.

Jioni sahani yake imerudi tupu. Mama ameipapasa na kidole kuhakikisha, kisha akanipa.

Sijui kama nafsi yangu imetua. Sidhani. Wewe bado umelala ulivyolala, na mkebe umebaki na poda kidogo ambayo nimeshaiahidi kwa mtu mwingine. Nilifika hadi kaburini nao mkononi, nikasimama, nikaona kwamba kuimwaga pale kungekuwa ni kunituliza mimi tu. Nikaurudisha mkobani, leo si kwa haya.

Kesho nitakaa benchi la pili, nyuma ya Baba, niuone ule mstari. Wengine wakiuona watajua anaye mtu.

Na wewe, Munyao, nisamehe ile siku ya mochari. Ukinikumbuka, nikumbuke na hii ya leo.

Wako,
Mama Mumbua