Mukono wa kaka ndani ya sahani

Dada Safi, umeamkaje huko Lubumbashi? Hapa Alunguli mvua imegoma, na kaka yetu Saidi anaisha. Kansere ya umio imemufunga koo, hata uji haupiti. Akitoka kitandani mpaka mulangoni, anaketi kama muntu aliyetoka Kibombo kwa miguu.

Ila kila saa ya kula anataka kuketi nasi kwenye sahani. Unajua kwetu mukubwa akitoa mukono ndani ya sahani, chakula kimeisha, wote wanaacha kula. Kwa hiyo yeye hautoi wake. Anafinya tonge la wali, analizungusha, analirudisha, mpaka watoto wake washibe.

Nimeutambua ule mukono, dada. Wakati wa vita, porini, sisi watatu na sufuria moja ya mihogo, alifanya vile vile. Tuliamini anakula.

Leo nilimuambia apumzike. Akasema, "Bado hawajashiba." Kisha uchovu ukamulaza pale pale, mukono ndani ya wali. Hakuna aliyeutoa, na hakuna aliyekula tena.

Ukila huko, dada, shiba. Ndiyo kitu kimoja kaka anachotaka bado.

Mudogo wako,
Asumani