Mikanda Aliyoishona Baba Mkwe

Dodoma,
15 Julai, 1996

Kwa Mheshimiwa Mama Anyesi, Mshauri wa Wasomaji,

YAH: MIKANDA YA MWAVULI WA ANGANI NA HESHIMA YA BABA MKWE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, elimu yangu ya darasani ni ya darasa la saba na iliyobaki nimejipatia mwenyewe kwa njia ya posta na kwa kusoma majalada ambayo wengine huyafunga bila kuyatazama, na ninakuandikia nikiwa na afya njema, maisha yangu kwa jumla yakiwa ya kuridhisha na nyumba yangu ikiwa na amani, isipokuwa amani hiyo yenyewe ndiyo ninayoogopa kuivunja kwa kauli yangu.

Tangu mwaka juzi, baada ya watu binafsi kuruhusiwa kuendesha mambo mengi ambayo zamani yalikuwa ya dola peke yake, ipo klabu ndogo ya kuruka kwa mwavuli kutoka ndegeni, katika kiwanja cha vumbi kilicho njia ya kuelekea Haneti, na mwalimu wetu ni Bwana Ambokile, askari mstaafu wa miavuli. Mara ya kwanza nilikwenda pale kupeleka barua ya ofisi, nikabaki kutazama hadi jioni, na Jumamosi iliyofuata nikajiandikisha. Leo nimetimiza miruko ishirini na saba. Mtu aliyekaa wiki nzima katikati ya mafaili, Mheshimiwa, anapouona mji wote chini ya viatu vyake, reli imenyooka kama mstari uliopigwa kwa rula, mashamba ya zabibu yamepangwa safu kwa safu, na hakuna mkuu yeyote anayemwita kwa kengele, mtu huyo hurudi kazini Jumatatu akiwa mpole kwa kila mtu.

Bwana Ambokile alinionya mapema, nami nanukuu: "Karani, usinunue kitu. Vaa vya klabu mpaka ufikishe miruko hamsini, halafu tutakaa mimi na wewe tutafute kinachofaa kwa kilo zako." Sikumsikiliza. Mwezi Mei mhandisi mmoja wa visima, raia wa Denmark, mrefu na mnene, alikuwa akirudi kwao, akaniuzia vifaa vyake vyote kwa bei ya kirafiki, yaani mwavuli mkubwa, mwavuli wa akiba, begi la mgongoni na mikanda yake, ile inayozunguka mapaja, kifua na mabega, ambayo ndiyo humshika mtu. Mimi ni mfupi na mwembamba. Nilipoivaa mikanda ile na kuivuta hadi mwisho wake, bado ilinipwaya kama koti la marehemu babu.

Nadhani unafahamu kwamba kwetu sisi nguo ya mtumba ikinunuliwa hupita kwanza kwa fundi ndipo ivaliwe, suruali hukatwa, koti hubanwa mabega, na mimi sikuona tofauti yoyote, nikaifungasha mikanda ile katika gazeti nikaipeleka kwa fundi ninayemfahamu kuliko wote, ambaye ni Mzee Bashiri, mshonaji wa maturubai ya malori, mzaliwa wa Kolo, na ambaye pia ni baba wa mke wangu Zaitun.

Hapa sina budi kueleza kwamba mimi ni Mwanglikana wa Mvumi, na Zaitun ni Mwislamu, na ndoa yetu tuliifunga bomani, na kwa miaka minne Mzee Bashiri aliitikia shikamoo yangu kwa neno moja tu na kurudi kwenye cherehani yake. Akitaka kunitaja kwa binti yake alikuwa akisema "yule wa mihuri." Siku ile alifungua gazeti, akainua mikanda juu, akauliza, "Hii hatamu ni ya punda wa nani?"

Nikamjibu, "Si ya punda, Baba. Ni yangu. Naruka nayo kutoka ndegeni."

Akacheka hadi akavua miwani. "Unaruka wewe? Kumbe una moyo, karani! Mimi nilidhani una wino tu."

Aliifanya kazi ile kwa siku tatu bila kupokea kazi nyingine. Alikata, akapunguza, akashona kwa uzi mzito wa turubai, mishono minne kwa minne, iliyonyooka kiasi kwamba hata mimi niliyezoea daftari la mistari sikuona kasoro. Kisha akaitundika mikanda mtini uani kwake, akafunga magunia mawili ya mtama, akayaacha yakining'inia tangu asubuhi hadi alasiri, akawaita majirani waje wajionee. Hakuna kilichoachia. Akanikabidhi akisema, "Haya, mwanangu. Ruka." Neno hilo "mwanangu" sikuwahi kulisikia kwake kabla ya siku hiyo.

Nimeruka na mikanda hiyo mara mbili, katika Jumamosi mbili ambazo Bwana Ambokile alikuwa Tukuyu kwenye msiba, na msaidizi wake Fredy, aliyetukagua, alitazama vifungo tu wala hakutazama mishono, nami sikumwambia neno. Mruko wa kwanza ulikuwa mzuri. Katika mruko wa pili, mwavuli ulipofunguka na kunidaka, nilisikia kwenye paja la kushoto sauti ya kitu kuchanika, nikashuka nikiwa nimeinama upande mmoja, na upepo ukanirudisha kinyumenyume, nikavuka kiwanja, nikavuka barabara, nikatua katikati ya shamba la zabibu la mama mmoja aliyekuwa akipogoa.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa chini.

"Marahaba. We baba, umepitia mlango gani?"

"Nimetoka juu, mama."

"Basi toka tena, unanivunjia miti."

Nilipofika nyumbani nikakuta mshono mmoja mzima wa paja umeachia, nyuzi zimesimama kama manyoya. Nikachukua wembe, nikazinyoa zote zisionekane. Sijamwambia Bwana Ambokile, sijamwambia Zaitun, wala Mzee mwenyewe. Hili ndilo ungamo langu, na wewe ni mtu wa kwanza kulisikia.

Sasa tarehe 8 Agosti klabu yetu imealikwa kuruka katika maonyesho ya wakulima, na jina langu limo katika orodha. Mzee Bashiri amekwisha kuwaalika mafundi wenzake wote wa sokoni, na anawaambia, "Siku hiyo mtaiona kazi yangu ikishuka kutoka juu." Sasa hula nyumbani kwangu kila Jumapili, humpakata binti yetu Stumai na kumfundisha kuhesabu kwa vifungo vya shati. Juzi Zaitun aliniambia, "Baba Stumai, nyumba hii imekuwa na raha mpaka naona kama tumeazima." Nikajifanya natafuta kalamu.

Nimeandika rasimu sita za barua kwa Mzee, na katika kila moja, nikifika kwenye kiini, sentensi hugeuka yenyewe na kulaumu upepo, au kiwanda cha uzi. Kwa hiyo naomba unijulishe mambo mawili: kwanza, iwapo mshono ule ukirudiwa mara mbili, mikanda inaweza kutumika kwa siku hiyo moja tu, kwa ajili ya heshima yake, na pili, iwapo haiwezekani, ni maneno gani yanayomfaa mkwe kumwambia mzee kwamba kazi ya mikono yake haiwezi kuaminiwa. Ninaridhia barua hii ichapishwe, ila naomba isipunguzwe neno.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,
Yotham
Karani wa Masjala

MAMA ANYESI ANAJIBU

Ndugu Karani,

Jibu la swali lako la kwanza limeshakufikia kwa telegramu, nalo lilikuwa neno moja: USIRUKE. Haya mengine ni maelezo.

Barua yako nimeifurahia hadi nilipofika kwenye wembe. Hapo nikainuka, nikavuka uzio kwenda kwa jirani yangu, ambaye naye aliruka na miavuli ya jeshi kwa miaka kumi na moja, nikamsomea. Akanikatiza. "Mama Anyesi, rudia hapo pa nyuzi." Nikarudia. Akauliza, "Huyu mtu yuko hai?" Nikamwambia barua ni ya siku tatu nyuma. "Basi usinisomee mimi," akasema, "nenda posta." Ndiyo maana ukapata telegramu.

Sasa sikiliza. Gunia la mtama lilifungwa taratibu likatulia mtini. Wewe unaanguka kwa kasi kuliko basi lolote liendalo Dar es Salaam, halafu unadakwa ghafla, na kishindo chote hicho kinabebwa na nyuzi za mapajani. Jirani yangu anasema mkanda wa namna hiyo ukishakatwa umekufa. Hata ukishonwa mara kumi na uzi wa turubai, umekufa. Wanaoruhusiwa kuugusa ni mafundi waliosomea kazi hiyo moja, wenye mashine zake na uzi wake, na hawako sokoni kwenu. Usiupeleke popote ukarudiwe. Siku moja kwa ajili ya heshima, unasema? Utampa heshima gani mzee wa watu mbele ya mafundi wenzake aliowaalika mwenyewe, paja likiachia?

Na upepo usiusingizie. Mwavuli ule ulichaguliwa kwa ajili ya Mdenishi mnene. Wewe chini yake ni jani, na Dodoma yenu si mahali pa jani. Ulinunua vifaa vya mtu mwingine kwa sababu mwenyewe alikuwa anafunga mizigo. Ninyi mnaoanza mchezo huu, na nasikia mnaongezeka, mkubali kuvaa vya klabu mpaka mwalimu atakapowapima kilo, atazame mnavyotua, ndipo aseme mwavuli huu unakufaa. Anayewahi kununua mkubwa usiomfaa na anayekimbilia mdogo wenye mbio ili aonekane amekomaa, wote wawili jirani yangu amewatembelea hospitali.

Nasema haya kwa ukali, lakini usidhani sikuona uzuri uliomo kwenye barua yako. Mzee aliyekunyima neno kwa miaka minne anampakata mwanao. Hicho si kitu kidogo. Naelewa kwa nini mkono wako ulikwenda kwenye wembe. Hata hivyo ulimkosea zaidi hapo kuliko mahali pengine popote. Fundi ana haki ya kuona mahali kazi yake ilipoachia. Ulizinyoa nyuzi zile ukamfanya aendelee kujisifu sokoni kwa kitu ambacho wewe peke yako ulijua kimeshindwa. Naye hana kosa. Ulimpa mikanda ndani ya gazeti, hukumweleza itavutwa namna gani, akakufanyia kwa uaminifu kile ulichomwomba, akakipima kwa akili aliyokuwa nayo. Ungempelekea Ambokile kwanza, haya yote yasingekuwapo.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo hii ukitoka kazini mwambie Zaitun, kila kitu, na wembe pia. Mke anayehisi kwamba raha yake ni ya kuazima ameshaanza kunusa. Kesho asubuhi mpelekee Ambokile mikanda, umkabidhi, umweleze miruko yote miwili. Atakufokea. Huenda akakusimamisha na jina likafutwa kwenye orodha ya maonyesho, na akifanya hivyo usimwandikie barua ya rufaa. Akikuruhusu, utaruka na vya klabu, vile vile ulivyovaa ulipokuwa ukitua salama. Kisha umwombe jambo moja: ampokee Mzee Bashiri kiwanjani siku yoyote kabla ya maonyesho, amwekee mkanda wa kiwandani mkononi, amwoneshe mshono wake na jinsi unavyovutwa. Usimbunie mzee kijikazi cha kumbembeleza kama mtoto. Mtu aliyeshona maturubai maisha yake yote akishika kitu hicho ataelewa ndani ya dakika mbili, na hatahitaji wewe umfariji.

Kwa Mzee usipeleke rasimu ya saba. Utakwenda kwa miguu yako, mchana, dukani kwake.

Na usicheleweshe, kwa sababu hii. Jibu hili nalituma kwako kwa posta leo Jumatatu tarehe 22 Julai. Gazetini litatoka Ijumaa tarehe 2 Agosti pamoja na barua yako, bila kupunguzwa neno, kama ulivyotaka. Majina yote nimeyabadilisha, lako nalo. Lakini Dodoma nzima hakuna mafundi wawili waliotundika magunia ya mtama mtini kupima mikanda ya kurukia kutoka ndegeni, na gazeti letu husomwa sana sokoni. Wewe msomaji unayesoma hapa sasa, mzee huyo ameshaambiwa na mkwe wake, ama anasomewa na jirani dakika hii. Karani, chagua mapema.

Maneno uliyoniomba ni haya: "Baba, mshono wa paja uliachia nikiwa angani, nami nikakuficha. Kosa ni langu, nilikuletea kazi bila kukueleza." Basi. Usitangulize taadhima, usiutaje uzi. Ukishasema, vuta kiti ukae, na usiondoke mpaka yeye mwenyewe aongee.

Mama Anyesi