Nilivyong'oa Masale Siku ya Kujaribiwa

Jumatano. Baridi ile ya Julai inayoingia mpaka kwenye mifupa, manyunyu tangu alfajiri, na mlima sijauona wiki nzima. Mimi nipo tu. Sina furaha ya kurukaruka, huzuni nayo sina. Naandika mapema kabla sijaanza kuyapamba.

Leo nilikuwa najaribiwa kazi.

Kama ndiyo unafika hapa mara ya kwanza: nakaa Sekei, chumba kimoja, na binti yangu Glory ambaye ndiyo anajifunza kusimama. Baba yake yuko machimboni Mererani anatafuta jiwe la thamani, bado hajalipata. Shule niliishia kidato cha pili. Mwaka huu nikaingia chuo cha ufundi, kozi fupi ya bomba, na chuo wamesema wazi kwamba asiyepata fundi wa kumfundisha kazini kabla muhula haujaisha hapati cheti. Wenzangu darasani ni wanaume watupu na wote wameshapata. Nimebaki mimi.

Nimezunguka sana. Kuna duka la vifaa vya ujenzi mjini, mafundi bomba wanakaa nje juu ya ndoo zilizopinduliwa wakisubiri kuitwa. Mara ya kwanza nilipofika nikawasalimia, mmoja akanijibu, "Dada, chai tumeshakunywa. Labda urudi mchana na wali." Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana sikujua niuweke wapi uso wangu.

Nikarudi. Nikarudi tena. Mwisho Fundi Jumanne, mzee wa Tanga aliyehamia huku zamani, akasema basi nije siku moja aniangalie. Siku moja tu. Akiona sifai, nisimsumbue tena.

Kazi yenyewe ilikuwa Akheri, juu ya Tengeru, kwa bibi mmoja mjane mwenye migomba na kahawa yake. Alikuwa anavutiwa maji kutoka bomba la kijiji linalopita barabarani mpaka uani, karibu na jiko. Fundi akapigilia kigingi barabarani, akafunga kamba, akaivuta mpaka uani ikanyooka. Akanipa sururu. Akasema kwake mtaro unafuata kamba, na asiyejua kufuata kamba asijiite fundi.

Nikachimba. Udongo wa kule ni mweusi na laini, ila ukilowa unang'ang'ania kila kitu. Nilikuwa naenda vizuri. Nilijisikia hata kuimba, nikajizuia.

Halafu kamba ikapita juu ya masale.

Masale ni ile mimea ya majani marefu ya kijani ambayo sisi Wameru tunaipanda mpakani. Hatuipandi kwa urembo. Pale ilipo ndipo shamba la mtu linapoishia, na hakuna anayeigusa. Mimi nimezaliwa juu ya Kikatiti, masale nimeyajua kabla sijajua kusoma.

Nilijua.

Nikasimama na sururu mkononi, nikamtazama Fundi. Alikuwa ameinama anapima bomba lake. Nikawaza, nikisema kitu hapa ataona mwanafunzi wa siku moja ameanza kumfundisha kazi. Atasema ndiyo maana hachukui wanawake. Nikang'oa mche wa kwanza. Nikang'oa na uliofuata, nikaendelea mpaka njia ikawa nyeupe.

Bibi akatoka jikoni na birika la chai yetu. Akaliweka chini taratibu.

"Nani kaung'oa mpaka wangu?"

Fundi akajibu kwa upole kabisa, "Bi mkubwa, ni majani tu hayo, yataota mengine."

Nilitamani ardhi immeze Fundi, au inimeze mimi. Shamba la upande wa pili ni la shemeji yake bibi, na wamegombania mstari ule tangu mumewe alipozikwa. Wazee wa ukoo ndiyo juzi juzi wamekaa, wakayapanda masale yale, ugomvi ukaisha. Hayo yote tuliyasikia pale pale, kwa sauti.

"Majani! Shemeji akipita hapa jioni atasema nimeleta fundi aniongezee shamba! Funga vyombo vyako, Mswahili wewe, uende. Maji nitachota mtoni nilikozoea."

Fundi akaanza kweli kukunja bomba. Hakunitazama. Nikajua siku yangu moja imeishia pale, hata chai haijamiminwa.

Sikufikiria sana. Niliokota jani moja kwenye yale niliyoyang'oa, nikalifuta udongo kwenye ovaroli, nikalifunga fundo. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale lililofungwa hivyo. Akilipokea, yameisha. Nilimwona baba akifanya hivyo mara moja, kwa jirani yetu, na siku ile alionekana mdogo kuliko kawaida yake.

Nikapiga magoti kwenye matope, nikalitoa kwa mikono miwili. "Bibi, aliyeng'oa ni mimi. Fundi hajui mambo ya huku. Mimi nayajua."

"Wewe ni wa wapi?"

"Kikatiti, kule juu."

"Mmeru?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi ndiyo mbaya zaidi! Huyu Mswahili namsamehe, hakulelewa huku. Wewe je?"

Akaniacha pale pale, akarudi jikoni, nikasikia anasukumasukuma kuni. Magoti yakaloa. Fundi alisimama na bomba lake begani kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi.

Bibi aliporudi akalipokea jani. Akalichomeka kwenye kitambaa chake cha kichwani, akasema kila mche urudi kwenye shimo lake, yeye akiwa amesimama anaangalia, na mtaro upite ndani, upande wake. Tukapanda upya. Fundi mwenyewe alishika miche, mimi nikashindilia udongo kwa mikono.

"Bi mkubwa," Fundi akasema akiwa bado amechuchumaa, "na mimi nikimpelekea mke wangu hilo jani litafanya kazi?"

"Mkeo mpelekee nyama," bibi akamjibu, akamimina chai. Ilikuwa imeshapoa lakini tulikunywa yote.

Mtaro ukawa na kona, ikabidi tuongeze viungo vya bomba ambavyo Fundi hakuvipanga. Hakulalamika. Mchana ukapita, na maji yakatoka, kwanza yenye tope, halafu meupe. Bibi akayakinga kwa kiganja, akaonja, akaenda kuleta ndoo.

Tulipokuwa tunafunga vyombo ndipo Fundi akaniuliza.

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Ukaiona kamba yangu inapita pale."

"Niliiona."

"Na ukang'oa."

"Nikang'oa. Niliogopa utasema najifanya najua."

Akapangusa spana, akaiweka kwenye mfuko. "Binti, bomba nalijua. Ardhi za watu siyo zote nazijua. Nikivuta kamba vibaya nani aniambie, sururu? Kwangu ukiona kitu unasema. Ukinyamaza tena, baki nyumbani."

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa nasubiri aseme sifai, nikabaki namsubiri. Huwezi kumwambia mtu "ukinyamaza tena" kama hutegemei kumwona tena.

Amenichukua.

Maziwa yalikuwa yanavuja tangu mchana, ovaroli imelowa kifuani, na mimi nasingizia manyunyu. Glory sikuwa nimemtaja kwa Fundi hata mara moja, tangu siku ya kwanza pale dukani. Nikaona nisipomtaja sasa hivi sitamtaja kamwe.

"Fundi, nina mtoto ananyonya."

"Yuko wapi?"

"Kwa jirani, Sekei."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Akatazama pembeni. Nikafikiri nimeharibu. "Hilo lilikuwa la kusema kabla hatujaja huku, mwanangu. Kesho tuko Themi, ni karibu. Saa sita nenda kamnyonyeshe, urudi. Ukichelewa usiniletee jani."

Mama Shamimu, jirani yangu, anasema Glory alikataa uji na alilia mpaka akachoka. Nilipomchukua alininyonya kwa hasira, akaning'ata, nikamwacha aning'ate. Sasa amelala, mkono mmoja umeshika nguo yangu. Naandika kwenye simu kwa dole gumba la mkono mwingine.

Ningependa kuandika kwamba nimefurahi. Labda nimefurahi, bado haijafika. Ninachokijua ni kwamba mimi siyo msemaji. Shuleni nilikaa nyuma, nyumbani nilijibu nilipoulizwa, na leo nimepewa kazi kwa sharti la kusema. Sijui kama mtu anaweza kujifunza hilo kama anavyojifunza kufunga koki.

Ovaroli nimeifua, imening'inia mlangoni inachuruzika. Kwa baridi hii haitakauka mpaka asubuhi. Nitaivaa hivyo hivyo.