Panya wa Kendi Walikunywa Maji Kama Wewe

Mama Kendi wangu, wewe uliyelala kando ya migomba,

Nimekaa hapa jikoni kwako na kalamu. Usicheke. Niliishia darasa la tatu, lakini mwandiko wangu unaujua. Hata katibu wa kanisa hanifikii. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kimeru ndicho tulichoongea tukila, na nikikiweka kwa karatasi naacha kalamu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kutega fuko? Kutoka Nkubu mpaka Igoji, watu wakiona viazi vitamu vinaisha chini kwa chini, walisema, muiteni yule bwana. Nikipinda fito, nikiweka kitanzi kwa shimo lake, fuko amekwisha, hata hatoi sauti. Wewe ulibeba fito na kunisifu mbele ya watu, halafu njiani unanigeukia: "Baba Kendi, fuko wote umewamaliza, lakini mlango wa kuku umekushinda kufunga." Nilikuwa nakasirika. Siku hizi hakuna wa kunikasirisha.

Halafu ukaanza kunywa maji. Jagi unalimaliza, unaomba lingine. Unaenda choo, unarudi, hujakaa unaenda tena. Siku moja ukaniita nje: "Njoo uone, Baba Kendi, sisimizi wamefuata mkojo wangu kama ni soda." Tulicheka. Mungu wangu, tulicheka sana. Tulipoambiwa ni ugonjwa wa sukari, figo zilikuwa zimeshaanza kuharibika. Figo hazipigi kelele. Miguu ikavimba, ukawa unapelekwa Meru mjini kusafishwa damu kwa mashine. Mimi nikamwambia daktari, chukua figo yangu, haijawahi kuugua hata siku moja. Akanipima, akasema ya huyu mzee haifai. Nikamwambia hajui kupima. Wewe pale kitandani ukasema, "Mwache daktari. Hiyo figo ni ngumu kama kichwa chako." Ndiyo mara ya mwisho nilikusikia ukitania.

Sasa nikwambie habari ya mtoto wetu. Tangu ulale, Kendi amekuwa akisomea huu ugonjwa wako huko chuoni, Embu. Wanadunga panya weupe sindano wapate sukari, halafu wanafuata vile figo zinaharibika. Wengine wanapewa dawa inayojaribiwa, wengine hawapewi. Mwishoni wote wanalazwa usingizi wasiamke, figo zinatolewa, zinakatwa nyembamba kabisa na kuangaliwa kwa darubini.

Juzi alikuja nyumbani na begi lake lote, akakaa kwa kiti chako.

"Baba, nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Siku ya kuwatoa figo imefika na siwezi. Wanakunywa maji kama Mama. Nikiwabadilishia maranda ya kulalia, nikigeuka yamelowa tena. Nikiwaangalia namwona yeye."

Nikamwambia hao ni panya tu, mimi nimeua fuko, ndugu zao, wengi kuliko nywele za kichwa chake. Akaanza kulia. Nilijua nimesema ujinga, lakini unanijua, maneno yangu huwa siyarudishi. Asubuhi nilivaa koti la kanisa, nikamwambia, "Twende unionyeshe."

Huko walinivisha koti jeupe na mifuko ya plastiki kwa viatu. Nilikuwa nataka kuwaonyesha hao watu vile mnyama anashikwa. Lakini nilifika kwa kizimba cha kwanza nikamwona mmoja, manyoya yamesimama, mgongo umepinda, ameng'ang'ania chupa. Anakunywa, anapumzika kidogo, anarudia. Akaniangalia bila kuacha kunywa. Wewe ulikuwa unaniangalia hivyohivyo juu ya kikombe. Mikono yangu ikakosa kazi, nikaiweka nyuma.

Kendi alikuwa amesimama mlangoni. "Umeona, Baba?"

"Nimeona," nikamwambia. "Na ukiwaacha hawaponi. Watakufa hapa bure. Mama yako tulimzika na figo zake, na hakuna mtu alijifunza kitu kwazo. Hawa usiwafanyie hivyo."

Alikuja karibu na kizimba. Alivaa glavu. Akamtoa yule wa chupa, akamshika kifuani mpaka akatulia, ndipo akamlaza kwa dawa. Nilisimama karibu naye mpaka wa mwisho. Sikusema neno, na unajua kwangu hilo si jambo dogo. Figo ilipowekwa kwa kisahani, ilikuwa kama punje ya haragwe.

"Ni hiki tu?"

"Ni hiki tu, Baba."

Kitu kama hicho, Mama Kendi, ndicho kilikuchukua kwangu.

Majibu bado. Kendi amerudi kazini, na anasema hata dawa ikifaa panya, itakaa miaka kabla ifike kwa mtu. Kanisani nimeshawatangazia kwamba binti yangu atamaliza sukari Meru nzima. Niache nijisifu, ndiyo kazi iliyobaki. Lakini wewe sikudanganyi. Hiyo dawa ikija, itamkuta mama wa watu wengine, kwa kitanda kingine, na atainuka arudi kwake kwa miguu yake. Naomba ije. Kila asubuhi naomba. Ila bwana wa huyo mama, nikikutana nao njiani wakitembea wote wawili, sijui kama nitaweza kumsalimia.

Pumzika, mama.

Ni mimi bwana yako,
Baba Kendi