Kwa Chet, Uliyesubiri Gari Liwake

Mwaka umetimia tangu ulipotuacha, Chet, asubuhi ile ya theluji ya kwanza. Mimi Dolores, mkeo, ndiye ninayekuandikia kwa niaba ya nyumba yote. Binti yetu Noreen alinitayarishia maneno mazuri yenye malaika na bustani ya milele. Nimemrudishia. Bustani uliifyeka kwa matusi kila Jumamosi, na malaika ungewauliza kwanza wanaendesha gari gani.

Watu wa mji wetu wa Wyandotte wanakukumbuka kwa wema wako, na kweli ulikuwa mwema, hasa kwa watu usiokaa nao. Jirani akikwama kwenye theluji, ulitoka na koleo kabla hajapiga honi. Mimi nikikuita mezani, pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya viazi, zilipoa, zikapashwa moto, zikapoa tena, wewe uko gereji na gari lako la Pontiac.

Gari hilo ulilinunua jipya mwaka 1967, uliporudi kutoka jeshini, kabla hujanichumbia. Silinda nane, rangi ya bluu iliyokolea. Tulikwenda nalo kanisani kufunga ndoa, tukamleta Garrett nyumbani ndani yake akiwa mchanga, halafu kiwanda cha chuma kikakumeza, na gari likalala chini ya turubai mpaka kutu ikatoboa sakafu yake. Ulipostaafu ulilifunua. Ulikata mabati yaliyooza, ukachomelea mapya, ukapaka rangi, ukaikwangua, ukapaka tena. Injini uliifungua yote na kuijenga upya mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza ulisikia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia.

Ulipoiwasha mara ya tatu, vikombe vyangu vilitetemeka kabatini. Ulikuja jikoni na mikono ya grisi, ukanishika kiuno.

"Sikia, Dolo. Hiyo si kelele. Hiyo inaongea."

"Inasema nini?"

"Inauliza chakula kiko wapi."

Garrett, mwana wetu, ana gereji yake huko Livonia. Kazi yake ni kuchukua magari ya zamani na kuyatia vitu vya kisasa, na kazi anaijua, simnyimi hilo. Jumapili moja alisimama kando ya boneti akitikisa kichwa.

"Baba, hizi breki ni za makumbusho. Acha nikuwekee za diski. Tutoe na hiyo kabureta. Nikutilie kiyoyozi."

"Ukitaka baridi, kalale kwenye friji."

"Watu wananipigia simu kutoka Chicago wakitaka mambo haya!"

"Basi wapelekee Chicago. Ukiligusa gari langu nakukata vidole, nampa mama yako atie kwenye supu."

Ulikubali breki tu. Tena ulizifunga mwenyewe, hukumruhusu hata akushikie taa.

Kiharusi kilikukuta chini ya gari hilo. Nilisikia spana ikianguka, nikasubiri tusi. Tusi halikuja. Ndipo nilipokimbia.

Ulirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, upande wa kulia umekufa, na katika maneno yote ya dunia uliachiwa moja tu: "Shenzi." Ulimwambia daktari. Ulimwambia Padri Kowalczyk alipokuletea komunyo, naye akajibu, "Amina." Ulimwambia mjukuu wako Paige alipokubusu, na machozi yakakutoka kwa sababu silo ulilotaka kumwambia.

Lakini masikio yako hayakuguswa. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilikusukuma hadi gereji, nikafungua mlango mkubwa ili moshi utoke, nikawasha. Ulifumba macho. Kidole cha mkono wa kushoto kikazunguka polepole: kaza. Nikakaza skrubu ya kabureta. Kidole kikasimama: hapo hapo. Kikarudi nyuma: legeza kidogo. Mimi ambaye maisha yangu yote sikuwahi kushika spana, nilikuwa mikono yako. Hatukuwahi kuelewana vile tangu tuoane. Ile ndiyo miezi niliyopendwa kuliko yote, Chet, na nilipendwa na mtu anayenitukana.

Mwezi Juni Garrett alikuja na lori la kubebea magari.

"Oili inavuja, Mama. Nipe wiki mbili."

Doa la oili sakafuni nilikuwa nimeliona mwenyewe, sikuwa na sababu ya kumshuku. Wewe ulimkamata mkono wa shati, hukumwachia. Alicheka, akakubandua vidole kimoja kimoja.

"Tulia, Baba. Utalipenda."

Wiki mbili zikawa kiangazi kizima. Kila siku baada ya kula ulinyosha kidole kuelekea gereji, nami nilikusukuma, tukatazama doa la oili. Nikimpigia Garrett, alisema kipuri hakijafika. Siku moja ulilitazama doa lile mpaka ukapitiwa na usingizi hapo hapo, nami nikakaa karibu nawe juu ya ndoo iliyopinduliwa, sikuwa na moyo wa kukuamsha.

Ilipofika sikukuu ya wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, Garrett alijaza uwanja wetu watu. Majirani walikuja, wenzako wa kiwandani waliobaki hai walikuja, soseji za kielbasa zikawa kwenye makaa, bia kwenye barafu, na mpiga picha wa biashara yake akizunguka na kamera. Gari likashushwa kutoka kwenye lori. Lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Bluu ile ilikuwa kama bado mbichi. Hata wewe uliinama mbele kwenye kiti chako.

Walikupakia upande wa dereva. Garrett akaketi kando yako, akabonyeza kitufe.

Hakuna kilichosikika. Ndege walisikika mtini. Mafuta ya soseji yalisikika yakidondokea makaa.

Ulisubiri. Ulijua jinsi ya kuisubiri injini baridi. Uliweka kiganja juu ya dashibodi kama ulivyozoea, ili usikie itakavyoshtuka. Kisha ukamgeukia mwanao, ukamwonyesha kwa kidole pale palipokuwa na ufunguo: washa basi.

"Limeshawaka, Baba," alisema. "Ni la umeme! Halivuji, halitoi moshi, halipigi kelele. Mtoto mchanga anaweza kulala humu!"

Watu wakapiga makofi. Ukamwonyesha tena kwa kidole. Washa.

"Limewaka, Baba. Ndivyo linavyokuwa."

Nilikuona ulipoelewa. Hata lile neno lako moja hukulitumia. Ulilia mdomo wazi, na mpiga picha akasogea karibu. Video ile imetazamwa hadi Japani. Watu wanaandika chini yake kwamba ni machozi ya furaha.

Nilimvuta Garrett nyuma ya nyumba.

"Injini ya baba yako iko wapi?"

"Mama, usiniharibie siku."

"Iko wapi?"

"Nimebadilishana na daktari wa meno wa Grosse Ile. Alikuwa anaitaka sana."

"Akakupa nini?"

Alifungua mdomo anijibu, nikaona. Meno sita mapya ya mbele, meupe kama sinki la hospitali.

Wiki iliyofuata Noreen alituendesha, mimi na wewe, hadi kwa huyo daktari. Nilivaa koti langu la kanisani. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno: tutaomba kwa adabu, tutaichukua, Garrett atairudisha mahali pake akitaka asitake. Mke wa daktari alitufungulia, mtu mpole, akatukaribisha sebuleni, akatuletea kahawa. Nikauliza injini wameihifadhi wapi.

"Si hiyo hapo, Mama," alisema. "Mbele yako."

Nilikuwa nimeweka mkoba wangu juu yake. Walikuwa wameikata, wakaing'arisha, wakalaza kioo juu. Ilikuwa meza ya kahawa. Ndani ya matundu ya silinda, yale uliyoyapapasa kwa ncha ya kidole ukitafuta mkwaruzo usioonekana, walikuwa wamesimamisha chupa za mvinyo.

Daktari mwenyewe akatokea, akakunyoshea mkono ili akushike ule wa kulia, akangoja, akangoja.

"Huo haunyanyuki," nilimwambia. "Huyu ndiye aliyeijenga injini yako."

"Kumbe! Kazi safi sana, Mzee. Na ni nzito kweli, ilibidi tuimarishe sakafu."

Ulipitisha mkono wa kushoto chini ya kioo, ukaigusa. Chuma kilichokuwa kikiunguza ngozi kilikuwa baridi kama sufuria ya jana. Noreen akaweka kikombe chake mezani, na mke wa daktari akakinyanyua upesi, akatandika kitambaa.

"Samahani jamani. Kioo kinashika alama."

"Shenzi," ukasema.

Ulilitamka vizuri kabisa. Tangu upatwe na kiharusi, ile ndiyo mara ya kwanza neno lilikuwa ndilo lenyewe ulilolitaka. Tulipofika kwenye gari tulicheka, mimi na wewe na Noreen, mpaka Noreen akalazimika kuegesha kando ya barabara. Ulicheka kwa nusu ya uso iliyobaki. Nilikufuta mate na machozi kwa kitambaa kimoja.

Hiyo ndiyo furaha ya mwisho tuliyokuwa nayo. Hukunyosha tena kidole kuelekea gereji. Nilikusukuma huko hivyo hivyo, nikawasha mashine ya kukatia nyasi, maana sikuwa na injini nyingine. Ulinitazama kwa huruma, ukanishika mkono niizime. Novemba kiharusi cha pili kikaja kukuchukua, nacho hakikuhangaika sana, hukuwa ukipigania kitu.

Garrett alitaka lile gari liongoze msafara wa mazishi.

"Halina kelele, Mama. Linafaa."

"Baba yako amenyamazishwa vya kutosha," nilimwambia.

Wenzako wa kiwandani ndio walioongoza, na malori yao mabovu, wakikanyaga mafuta kila kona mpaka Padri Kowalczyk akaziba masikio. Ungewaambia ni nani kati yao anahitaji plagi mpya.

Baada ya mazishi Garrett aliniita nje, akanifungulia mlango wa lile gari. Chini ya usukani alikuwa amefunga wenzo mdogo, upande wa kushoto. Ukiusukuma, gari linakwenda. Ukiuvuta, linasimama.

"Nilitaka aliendeshe mwenyewe," alisema. "Kwa mkono mmoja. Kwa ile injini asingeweza tena, Mama, unajua asingeweza. Siku ile nilikuwa nataka kumwonyesha, lakini akaanza kulia na watu wote wako pale."

Namwamini. Nalifikiria mara nyingi kuliko ninavyotaka: wewe kando ya mto, dirisha limefunguliwa, mkono mmoja, unakwenda unakotaka bila kusukumwa na mwanamke mzee. Labda ungelipenda kabla ya Krismasi. Labda ungelichoma moto. Nilimjibu nilichokuwa nacho.

"Alikuwa na masikio, Garrett, na alikuwa na kidole. Ungemuuliza, angekujibu."

Hakulia mbele yangu. Aliingia ndani ya gari, akafunga mlango, na nilijua analia kwa sababu vioo viliingia ukungu. Sauti haikutoka hata kidogo. Amelitengeneza vizuri sana.

Anakula kwangu kila Jumapili. Sijamsamehe. Nampakulia wa kwanza, namjazia sahani, na simtazami anapotafuna.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Dolores; binti yako Noreen na mumewe Curtis; wajukuu zako Paige na Brendan, ambao hawaruhusiwi kusema lile neno na wanalisema kila siku; dada yako Wanda wa Toledo; wenzako wa kiwandani; na mwanao Garrett, ambaye ndiye aliyelipia tangazo hili gazetini, akaniambia, "Andika utakavyo, Mama, sitaki kuliona kabla," naye analisoma asubuhi hii kwa mara ya kwanza, pamoja na mji mzima.

Hatutakusahau, Chet, hata siku moja.