Matundu Mawili Nyuma ya Boti

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anafahamika na wote kama Bi Gundi. Umri: miaka 54. Kazi: fundi wa boti za faiba. Makazi: nyuma ya karakana yake, karibu na kivuko.

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa.

Boti ninayoizungumzia ni ya kuvusha abiria, ya faiba, ina miaka zaidi ya ishirini. Ni mali ya ndugu wawili: kaka mtu ndiye nahodha, mdogo mtu anashughulikia mashine. Mnamo tarehe 6 mwezi huu, saa 1:20 asubuhi, mashine iling'oka nyuma ya boti wakiwa katikati ya maji. Abiria kumi na mmoja waliokolewa. Nahodha alivunjika mguu. Wiki hiyo ndugu hao walikuwa wamegombana, mdogo akitaka boti iuzwe, kwa hiyo nahodha aliwaambia polisi kuwa mdogo wake amelegeza bolti kwa makusudi. Mdogo akakamatwa siku hiyohiyo.

Tarehe 9, polisi walipoiachia boti, mke wa nahodha aliniletea pamoja na mashine iliyoopolewa. Alitaka nibadilishe ukuta wa nyuma, ule unaobeba mashine. Ukuta huo ni plaiwudi nene iliyofunikwa faiba pande zote mbili. Saa 3 asubuhi nilianza kuikata ngozi ya faiba ya ndani kwa grenda, ya nje nikaiacha iwe kalibu ya ubao mpya. Patasi sikuihitaji. Plaiwudi ilitoka kwa mkono, nyeusi, imelowa kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nikaitazama mashine. Bolti zake nne zilikuwa na nati zote, zimekazwa, bado zimekibana kipande cha ubao uliooza.

Nikafuata unyevu kutafuta ulikoingilia. Ulianzia chini, kwenye matundu mawili ya ngazi ya kupandia. Ngazi hiyo niliifunga mimi, miaka tisa iliyopita. Fundi akitoboa, sharti apake resini ndani ya tundu, maji yasiufikie ubao, ndipo akaze skrubu. Siku ile mwanangu alikuwa mgonjwa, nilikuwa na haraka, nikapaka silikoni juu juu. Tangu hapo maji yamekuwa yakiingia tone kwa tone.

Ningepitisha grenda dakika mbili tu, matundu yangekwisha na hakuna ambaye angejua. Sitasema sikuliwaza hilo. Niliwasha grenda, nikaizima.

Saa 6 mchana nilikwenda hospitali na kile kipande chenye bolti. Nahodha alikuwa amelala, mama yao yuko pembeni anamenya chungwa. Nilimweleza nahodha yote bila kuficha. Alijaribu kuifungua nati moja kwa vidole, haikusogea. Nilitegemea anitukane.

Akasema, "Nilimwambia mama asimpelekee mdogo wangu hata shuka kule mahabusu."

"Nilipeleka," mama yake akasema, akaendelea kumenya.

Nahodha aligeukia ukutani. Kisha akaniomba nije hapa kabla jua halijatua.

Ubao mpya sijaufunga. Matundu nimeyaacha yalivyo ili mkayaone. Uzembe ni wangu. Mdogo wake hana kosa. Nimesomewa niliyosema, ndiyo hayo, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA ASKARI: Nimeandika hayo hapo juu tarehe 9, saa 9:40 alasiri. Nilifuatana na shahidi hadi karakanani, nikayaona matundu na kuyapiga picha, tukarudi kituoni. Mtuhumiwa ameachiwa saa 12 kasoro robo jioni. Alipoelezwa sababu, aliuliza jambo moja tu: kama mguu wa kaka yake umewekwa vyuma au plasta. Shahidi alimjibu kuwa ni plasta. Wameondoka pamoja kuelekea hospitali.

Sajenti wa zamu